Saa ya Kufunga Maktaba

Ntimaru, 4 Februari 2024

Shangazi Mwanamvita,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na mwezi huu kuwa mzima huku si jambo la kusemwa haraka haraka. Baba akipita Homa Bay kutoka Sindo, mwambie zile kanga alizonipa nimezitumia zote. Moja ni pazia, moja ni shuka, na moja nimeifunga kwenye paja la mtu aliyepigwa mshale. Hilo la mwisho usimwambie.

Ulikataa nisikupigie simu. Ulisema kwenye simu nitakwambia "niko sawa" kisha nikate, lakini karatasi haikatiki. Haya, nakuandikia.

Wiki niliyofika walichoma duka linalopakana ukuta na maktaba yetu. Ng'ombe walikuwa wameibwa upande wa juu wa barabara, upande wa chini ukalaumiwa, na kabla ya jua kutua watu walikuwa wanakatana mbele ya mashine ya kusaga. Koo hizi mbili, ya juu na ya chini, zinaoana, zinazikana na zinauana. Mimi nilikuwa ndani napanga vitabu kwa namba, kama mlivyonifundisha chuoni miaka mitatu. Mtu akaingia na mshale pajani, akaketi kwenye kiti cha magazeti, akaniomba maji. Hakuna somo la hilo, Shangazi. Nilichojua mimi ni kwamba hadithi huwekwa kwenye rafu ya mia nane.

Sasa sikia. Nilibandika mlangoni ile kanuni yako: acha mzigo kaunta, chukua kibati chenye namba, ukitoka rudisha kibati upewe mzigo wako. Nilikuwa nawazia mikoba. Huku hawana mikoba. Wa kwanza aliniwekea panga juu ya kaunta. Wa pili akaniwekea upinde na podo la mishale. Nikavitundika kwenye misumari, nikatoa vibati. Leo hapa ndipo mahali pekee Ntimaru ambapo vijana wa juu na wa chini wanakaa meza moja wakiwa mikono mitupu.

Wawili nitakutajia, maana kila siku wanakuja. Zablon ni wa upande wa juu, anajiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne. Kaka yake aliuawa Desemba kwa mshale wa shingo. Panga lake linakaa msumari namba kumi na nne na hataki mwingine. Nyangau ni wa upande wa chini, anasoma nafasi za kazi gazetini kuanzia ukurasa wa mwisho. Juzi Zablon aliniuliza, "Madam, hii kazi yako husomewa wapi?" Nimempa jina la chuo chako.

Wako,
Hadiya


Homa Bay, 25 Februari 2024

Hadiya binti Hamud,

Marahaba. Barua yako ilikaa Migori kwa dereva wa gari la mikate mpaka ikanuka hamira. Baba yako alipita, nikamwambia la mshale, kwa sababu siwezi kupangiwa siri na mtoto niliyemwogesha. Ilibidi aketi. Anataka urudi Sindo ukauze kanga. Nikamwambia binti yake ana stashahada ya ukutubi. Akaniuliza, "Stashahada inazuia mshale?" Nikamwongezea chai.

Huku nako si peponi. Jumanne umati ulimkamata mwizi wa simu karibu na soko la samaki, wakampiga kwa mawe mpaka akaacha kutikisika. Mimi nilikuwa napita na kikapu changu. Nilipiga kelele mara moja, nikasukumwa, nikaenda zangu nyumbani. Nilipika omena, nikashindwa kuila.

Basi, kazi. Unajua niko kwenye kamati inayoandika upya mafunzo ya wakutubi na viwango vya kazi yetu, ili mnaohitimu mkute mnachofundishwa ndicho soko la ajira linachotaka. Tuliwaita waajiri watuambie. Mmoja anataka mkutubi anayejua kutengeneza kompyuta. Mwingine anataka anayejua kuwaandikia wafadhili. Wa tatu, nusura nimrushie kiatu, anataka mkutubi ambaye pia atapika chai. Hakuna aliyemtaja msomaji. Kwa hiyo niandikie wewe uliye kazini. Ukurasa mmoja tu: kitu kimoja ambacho kazi inakudai na sisi hatukukufundisha. Nitausoma mbele yao, wapende wasipende.

Kuhusu vibati, nimejivuna mpaka majirani wamenichoka. Ila kanuni ishike yote. Mwenye kibati ndiye mwenye mzigo. Usimuulize anaupeleka wapi. Siku utakapouliza hawataacha tena kitu kaunta, wataingia nacho ndani.

Na huyo Zablon aje. Nitamfundisha mwenyewe.

Shangazi yako,
Mwanamvita


Ntimaru, 17 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na nyumbani hawajambo? Mwambie Baba sitauza kanga. Mvua imeanza huku, watu wanapanda mahindi na pinde mgongoni. Ukurasa wako sijauandika. Nina jambo lingine.

Jumatano mtu alimwambia Zablon kwamba mshale uliomuua kaka yake ulitoka kwenye upinde wa Nyangau. Kama ni kweli sijui. Zablon hakungoja kujua. Aliruka juu ya meza, akamkamata Nyangau kooni na kumpigiza kichwa kwenye ukingo wa rafu, akarudia, akarudia tena, damu ikaruka mpaka kwenye kamusi. Nilipiga ukelele, hakusikia. Nikainua kiti, nikamvunjia mgongoni. Mimi huyu, Shangazi, uliyenifundisha kumtuliza msomaji kwa kidole mdomoni. Zablon akaachia. Akanitazama, akatazama vipande vya kiti, akasema, "Pole, madam. Hicho kiti nitakigongelea misumari."

Nilidhani sitawaona tena. Kesho yake walirudi wote wawili, Nyangau na bandeji kichwani, kwa sababu hakuna pengine pa kusomea. Zablon alikuja na nyundo. Lakini tangu siku hiyo ananoa panga lake kwenye ngazi ya mlango kabla ya kunikabidhi. Nilivunja kanuni, nikamuuliza la nini.

"Hapa ndani siwezi, hapa ni kwako," akaniambia. "Lakini huyu jamaa siku moja tutatoka wakati mmoja, mimi na yeye. Hiyo siku nitamkata shingo. Leo nasoma tu."

Kisha akafungua kitabu cha hesabu.

Shangazi, kila saa ya kufunga mimi ndiye ninayempa lile panga. Namshikisha kwa mkono wangu, halafu nageuka kuzima taa. Naogopa. Naweza kumnyima? Sitaki jibu la mwalimu, nataka lako. Nimemsihi dereva wa mikate asilale na barua hii.

Hadiya


Homa Bay, 20 Machi 2024

Hadiya,

Usimpe.

Sina salamu leo, dereva ananingoja na injini inawaka. Yule mwizi wa simu namwona kila nikifumba macho, na sitaki mkono wako uingie kwenye jambo la namna hiyo. Lifungie panga kabatini na ufunguo uufiche mahali ambapo mwanamume hatathubutu kuutafuta. Akipiga kelele, wewe piga zaidi. Kanuni ya vibati niliiandika mimi na leo naivunja mimi. Asiye na panga hawezi kumkata mtu shingo. Basi.

Shangazi yako


Ntimaru, 29 Machi 2024

Shangazi,

Zablon amekufa. Salamu sina.

Barua yako ilifika Ijumaa iliyopita. Jumatatu nilifanya ulivyosema. Saa ya kufunga Zablon alikuja kaunta na kibati chake, nikamwambia panga limefungiwa na halitoki. Nilitegemea matusi. Hakunitukana. Aliinama juu ya kaunta akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na hao wako nje, madam, zao pia umefungia?"

Sikuwa nimeangalia nje. Tangu nifike Ntimaru sijawahi kuangalia nje kabla ya kuwatoa watu. Nikamwambia, "Nenda nyumbani, Zablon, utalipata kesho." Akatoka.

Walikuwa wanamngoja penye mashine ya kusaga. Ni vijana wa upande wa chini. Walikuwa wamesikia kiapo chake, wakaamua kumuwahi. Nilisikia sauti kama za watu wanaokata miwa. Nilipofika mlangoni alikuwa ameinua mkono kujikinga, na mkono ulikuwa haupo tena mahali pake. Walimkata bega, wakamkata uso, na alipoanguka wakaendelea. Niliwarushia mawe, niliwarushia kiatu. Mmoja alinigeukia na panga likidondosha damu, akaniambia, "Madam, funga library yako." Wakaondoka kwa miguu, bila haraka, kuelekea mpakani mwa nchi. Nilikaa chini kwenye tope na kichwa chake mapajani. Kibati alikuwa amekifumbata kwenye mkono uliobaki.

Na wakati wote huo Nyangau alikuwa ndani, ameketi. Nilimfuata nikiwa na damu mpaka kifuani, nikamuuliza kwa nini hakutoka. "Wenzangu waliniambia nisitoke," akasema. Kisha akatapika juu ya magazeti.

Polisi waliniuliza ni nani aliyeamuru marehemu anyimwe chombo chake. Nilisema ni mimi.

Wewe ulisema asiye na panga hawezi kumkata mtu. Ni kweli. Nakuchukia kwa ukweli huo. Iambie kamati yako.

Hadiya


Ntimaru, 12 Mei 2024

Shangazi,

Dereva anaapa kwamba barua yangu alikupa mkononi. Kama wewe ni mgonjwa, mtume Baba aniambie. Kama si mgonjwa, unajua ninachongoja.

Maktaba iko wazi. Nimeosha sakafu kwa jivu na sabuni, lakini kamusi hailegei, kurasa zimegandana. Wasomaji wamerudi wachache. Wanaacha silaha zao kaunta, na sasa kila mmoja anaukagua msumari wake mara mbili tatu kabla ya kwenda kuketi. Panga la Zablon bado liko kabatini.

Hadiya


Homa Bay, 9 Juni 2024

Mwanangu Hadiya,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Sisi hatujambo. Baba yako amebandua mabati ya duka la Sindo na kuweka mapya. Binamu yako Hibo amejifungua mtoto wa kike, mrefu, na sauti yake ni ya muuza samaki. Mvua hapa zilikuwa nyingi. Ule mti wa mbele ya nyumba ulianguka, nashukuru haukumwangukia mtu.

Kamati inaendelea vizuri. Saa za kompyuta zimeongezwa na waajiri wamefurahi. Wamekubali pia kwamba kila mwanafunzi akae kazini muhula mzima kabla ya kuhitimu, jambo nililolipigania.

Kuna nafasi ya kazi kwenye maktaba moja hapa mjini. Ina ukuta na mlinzi langoni. Nimewaambia una uwezo. Funga huko uje, mwanangu. Hakuna atakayekulaumu.

Shangazi yako akupendaye,
Mwanamvita


Ntimaru, 30 Juni 2024

Shangazi,

Mpe Hibo hongera. Umeniandikia mti, mabati na mtoto, jina la Zablon limekushinda. Sawa. Nitaliandika mimi.

Jumanne alikuja mama yake, Wankuru. Ni mwanamke mfupi, amenyoa nywele kwa msiba. Aliweka kibati namba kumi na nne juu ya kaunta. Alikuwa amekiosha.

"Nipee panga ya mtoto wangu," akasema.

Wasomaji wote waligeuka. Nyangau alikuwa mezani kwake. Nilitaka kumuuliza, "Mama, la nini?" Swali lilifika kwenye meno. Nikakumbuka Zablon alivyoinama hapo hapo alipokuwa amesimama mama yake, na nikaona nikimnyima huyu naye, heri nilale chini nisiamke. Nikafungua kabati, nikampa.

Hakuondoka. Aliketi kwenye ngazi, panga magotini, mpaka saa ya kufunga. Nyangau hakuweza kutoka. Wenzake walipita pembeni ya mama mmoja mmoja, yeye akabaki. Mwishowe akasimama akaniambia, "Wacha tu niende, madam. Nimechoka kungoja," akatoka.

Wankuru alimshika ukosi. Nyangau ni mkubwa kuliko yeye mara mbili, lakini alikwenda. Alimpeleka mpaka penye mashine ya kusaga, akampigisha magoti mahali penyewe, na watu waliokuwa kwenye foleni ya unga wakarudi nyuma. "Nilizaa wawili," akamwambia. "Mmoja mlimpiga shingo. Mwingine ulikaa kwa kiti ukisikiza akilia." Nyangau hakukana. Akainamisha kichwa. Panga likapanda.

Nililidaka. Sijui nilifikaje pale. Nililidaka kwa kiganja, likaingia mpaka kwenye mfupa, na sikuachia, na yeye hakuachia, tukavutana hivyo damu ikitiririka mpaka kwenye kiwiko changu na yeye akinipiga ngumi ya kifua kwa mkono wake wa pili. Alinipiga na kunipiga. Nilimwambia, "Mama, ni mimi niliyemnyima. Nikate mimi."

"Najua ni wewe," akasema. Akaachia mpini.

Akararua kipande cha leso yake akanifunga mkono, akikaza kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Nyangau alibaki amepiga magoti mpaka mtu akamwinua. Na kesho yake asubuhi Wankuru alikuja, akaweka panga juu ya kaunta, akasema, "Nipee namba." Anaketi kwenye kiti ambacho Zablon alikigongelea misumari. Hasomi. Ikifika saa ya kufunga narudishiwa kibati, nampa panga, na hajaniambia kama amesamehe au anangoja. Nyangau bado anakuja. Kila jioni naogopa upya.

Kazi yenu ya mjini sitaki. Hapa nikifunga mlango huu, hawa watu watakutana pale mashineni tu.

Sasa ukurasa wako huu, uwasomee:

"Mlinifundisha kufungua maktaba. Hamkunifundisha kuifunga. Msomaji akitoka mlangoni kwangu bado ni msomaji wangu mpaka afike kwao. Kabla ya kufunga ni lazima mkutubi atoke aone njia: nani amesimama wapi na ana nini mkononi. Hawezi kumnyang'anya mmoja akawaachia waliobaki. Kufunga kunataka watu wawili. Mmoja atoke wa kwanza, mbele ya wasomaji, mwingine atoke wa mwisho, nyuma yao. Mimi niko peke yangu. Nikitangulia, wa nyuma wanakatwa. Nikibaki nyuma, wa mbele wanakatwa. Namba za rafu mngenifundisha kwa wiki moja, miaka iliyobaki mkanifundisha hili."

Kiganja kimeshonwa. Vidole viwili havikunjiki. Naandika kwa mkono wa kushoto, usinisahihishe mwandiko.

Hadiya


Homa Bay, 10 Julai 2024

Hadiya, mwanangu,

Mkono wako umenitoa machozi ambayo nilikuwa nayabana tangu Machi. Baba yako ameusoma mwandiko wako wa kushoto, akaenda nje, akalipiga teke pipa la maji mpaka likapasuka.

Zablon. Haya, nimeliandika. Zablon, Zablon. Nilikuwa nakaa na kalamu, nikifika kwenye jina hilo naandika habari za mvua. Barua yako ya Machi nimelala nayo chini ya godoro. Ningetaka kukwambia niliogopa kwa ajili yako, na ni kweli, lakini niliogopa zaidi kuwa mimi ndiye niliyemuua kijana ambaye nilikuwa nimeahidi kumfundisha. Nilikosea. Nilikuamuru ukiwa mbali, nikiwa sijaona njia, na polisi walipokuuliza ukajitwika peke yako. Nimewaandikia polisi hao. Jina langu wanalo sasa.

Jana nilisoma ukurasa wako mbele ya kamati, halafu nikasoma barua yangu ya tarehe ishirini Machi, yote, hadi lile neno "basi". Mwenyekiti aliniuliza kama ninajisikia vizuri. Yule wa chai akasema hayo ni mambo ya usalama, si ya ukutubi, na kwamba hakuna mwajiri aliyeyaomba. Nikamwambia mwajiri hajawahi kushikwa kichwa chake kikitoka damu mapajani mwa mkutubi. Wakapiga kura. Kufunga hakukuingia kwenye mtaala. Niliondoka kabla ya chakula, na kiatu safari hii nilikirusha kweli.

Chuoni nimeomba likizo bila malipo. Baba yako ananifungia kanga nyingine nikuletee, amesema ni za bandeji, usizigeuze pazia. Jumatatu dereva wa mikate atanipakia.

Siji kukufundisha kitu. Nitakapofika nitaweka mkoba wangu kaunta unipe kibati, na jioni utaniambia nisimame wapi. Ninajua ninachoomba. Wewe utatoka wa kwanza, mbele yao. Wa mwisho nitakuwa mimi.

Mwanamvita